ULEVI: USIPIGANE NAO PEKE YAKO

Mtu anaamka asubuhi, mikono inatetemeka, mfukoni hamna kitu. Pesa ya madaftari ya watoto imeishia kilabuni. Anaapa: "Basi, leo sinywi tena." Jioni ikifika, miguu inampeleka kule kule.

Majirani husema hana aibu. Wengine husema amerogwa. Sisi tunasema ni mgonjwa. Pombe ikizoeleka, mwili na ubongo huidai, na kiapo peke yake hakitoshi. Lakini mgonjwa huyu anaweza kupata nafuu. Njia moja ni kukutana na walevi wenzake walioacha.

Njia hii ilianzaje?

Mwaka 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York, alikuwa safarini katika mji wa Akron, Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano hivi. Biashara yake ikaharibika, na hamu ya kunywa ikamrudia. Badala ya kwenda baa, alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akampata Bob Smith, daktari wa upasuaji. Udaktari wake haukuwa umemwokoa na pombe.

Wakazungumza kwa saa nyingi. Bill akaona kwamba kumsaidia mwenzake kulimsaidia yeye mwenyewe asinywe. Bob naye baadaye akaacha. Hivyo kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Maana yake ni walevi wasiotajwa majina.

Mkutano ukoje?

Si korti, wala si baraza la kijiji. Watu huketi pamoja kwa saa moja hivi. Kila anayesema hutaja jina lake la kwanza tu. Anaeleza pombe ilivyomtenda, alivyoacha na hali yake ya leo. Hakatizwi wala hakemewi. Ukitaka kunyamaza, nyamaza.

Hakuna kiingilio. Mara nyingi hupitishwa chombo cha mchango wa chai au wa chumba, lakini asiye na kitu hatoi. Sharti ni moja tu: kutaka kuacha pombe. Utasikia wakimtaja Mungu, lakini chama si cha dini yoyote. Mwislamu na Mkristo huketi pamoja. Wala hawakuambii uape kuacha maisha yako yote. Wanasema: leo tu usinywe. Kesho utasema hivyo hivyo.

Utakayoyasikia humo, yaache humo humo. Hiyo ndiyo heshima ya mkutano.

Utaupataje?

Kwanza, muulize mganga wa zahanati, au nenda hospitali ya wilaya uulize habari za matibabu ya ulevi. Pili, muulize padri, mchungaji au shehe. Mikutano mingi hufanyika katika vyumba vya nyumba za ibada. Tatu, mwendee mtu unayemjua aliyeacha pombe. Nne, kama una simu yenye intaneti, au kijana wako anayo, tafuteni AA ya nchi yenu. Mikutano mingine hufanyika kwa simu.

Ukipata habari, uliza siku, saa na lugha inayotumika. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi. Mkutano wa wazi hupokea hata mke, mume au rafiki. Usio wa wazi ni wa wenye shida ya pombe tu. Jamaa za walevi wana chama chao, Al-Anon, kilichoanzishwa mwaka 1951. Wao nao wanaumia.

Hadhari kubwa

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla bila kumwona mganga. Katika siku chache za mwanzo anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyopo, hata kuanguka kifafa na kufa. Akiwa na dalili hizo, mpelekeni hospitali mara moja. Mkutano haushiki nafasi ya dawa.

Kama kikundi hakipo?

Vijiji vingi havina. Lakini kumbukeni, kule Akron walianza watu wawili. Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanaotaka kuacha pombe wanaweza kuwa kikundi. Chagueni siku moja ya juma na mahali pa siri, mbali na kilabu. Darasa la kisomo jioni linafaa.

Tunamjua mwanakisomo mmoja aliyefika mlangoni pa mkutano mara mbili akageuka. Aliogopa kuonwa. Mara ya tatu mkewe alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia, "Baba nanihii, kilabuni wamekuona miaka yote, na hukuogopa." Akaingia. Ndani akamkuta jirani yake. Wote wawili wakacheka.

Ndugu msomaji, hata ukinywa tena baada ya kuacha, rudi mkutanoni. Hutafukuzwa. Na wewe usiyekunywa, usimcheke anayekwenda. Msindikize.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini kiapo cha mtu peke yake mara nyingi hakidumu?
2. Ni nani hatakiwi kuacha pombe ghafla bila kumwona mganga?
3. Kijijini kwetu, watu watatu wakitaka kukutana, wakutane wapi?