Gari likichemsha njiani, mzigo wako hatarini

NYANYA zilizovunwa Ilula asubuhi hazimsubiri fundi. Lori dogo likisimama barabarani kwa sababu injini imechemsha, mwenye mali huanza kuhesabu hasara mbili kwa mpigo: bidhaa inayovuja maji ndani ya matenga, na injini ambayo huenda imekwisha kuharibika. Hasara ya pili mara nyingi ndiyo kubwa zaidi, na mara nyingi pia ingeweza kuzuiwa kwa kifaa cha bei ndogo.

Kuchemsha si ugonjwa, ni dalili. Kununua rejeta mpya kabla ya kujua chanzo ni sawa na kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima.

Linachemshia wapi?

Swali la kwanza ambalo fundi mzuri humuuliza dereva ni hili: gari linachemsha likiwa wapi? Likipanda Kitonga na shehena ya mbolea bila tatizo, kisha likachemsha kwenye foleni ya Dar es Salaam, mshukiwa wa kwanza ni feni. Gari likienda kasi, upepo husaidia kupoza rejeta; likisimama, kazi yote ni ya feni. Kagua mkanda kama umelegea au umechanika, na kwa feni ya umeme angalia fyuzi na nyaya zake.

Lakini kama gari hutulia mjini na kuchemsha mlimani au likiwa na mzigo, basi injini inatoa joto jingi kuliko rejeta inavyoweza kulitoa nje. Hapo chunguza kiwango cha maji, rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Mkulima mwenye trekta aanze kwa kutazama mbele ya rejeta. Makapi, mbegu za majani na wadudu hujaa kwenye matundu yake na kuzuia hewa. Rejeta ioshwe injini ikiwa imepoa, maji yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda nje, na yasiwe ya nguvu kiasi cha kukunja mapezi yake.

Kifuniko na themostati

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa kwa kuwa ni kidogo, kumbe kina kazi kubwa. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Kifuniko kizima hubana maji kwa shinikizo hata yaweze kufika nyuzi 120 hivi bila kuchemka. Mpira wake ukichakaa, shinikizo hupotea na maji humwagika, hata kama rejeta haina tundu.

Themostati ni mlango unaofunguka injini inapopata joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 90. Ikikwama bila kufunguka, mpira wa juu wa rejeta huwa wa moto sana na wa chini hubaki wa baridi, ingawa rejeta iliyoziba huweza kuonyesha dalili hiyo hiyo. Ili kuwa na hakika, itoe na uitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopata moto. Ikiwa nzima itafunguka kabla maji hayajachemka.

Mafundi wengi huitupa na kuliacha gari bila hiyo. Si dawa. Injini hukaa baridi kupita kiasi, hula mafuta zaidi na silinda husagika mapema. Katika baadhi ya injini, maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na kuchemsha kukazidi.

Dalili za hatari

Fungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, kisha washa. Mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, moshi mweupe usioisha kwenye ekzosi, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, huonyesha kuwa gasketi imeungua au hedi imepinda au kupasuka. Gari la namna hiyo lisitembee tena. Hedi hutolewa, hupimwa unyofu wake na kusawazishwa kwa mashine ikiwezekana, ndipo gasketi mpya ifungwe.

Ukiwa njiani

Geji ikianza kupanda, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote ili itoe joto, kisha tafuta mahali salama pa kusimama. Mvuke ukitoka, zima injini. Usifungue kifuniko kwa angalau nusu saa; maji yale yanaweza kukubabua uso na mikono. Baadaye kifunike kwa kitambaa kizito na ukizungushe polepole. Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, kwani chuma kinaweza kupasuka.

Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha magamba ndani ya rejeta, hivyo maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali. Bora zaidi ni kulanti iliyochanganywa kama kiwanda kinavyoelekeza, kwa kuwa huzuia kutu pia. Ila ihifadhiwe mbali na watoto na mifugo: aina nyingi ni tamu na ni sumu kali, na ile iliyomwagwa isiachwe kwenye madimbwi.

Kwa mfanyabiashara, ukaguzi wa dakika 5 kabla ya kupakia unatosha: kiwango cha maji, mkanda, mipira na alama za uvujaji chini ya gari. Maji yakipungua kila siku, yanakwenda mahali. Tafuta ni wapi kabla hujapakia matenga.