Miche ya Nyanya: Tuipunguze Mapema

Msimu uliopita tulileta pakiti moja ya mbegu za Moneymaker kutoka Jinja. Zikaota zote, na sisi tukaona huruma kung'oa hata mche mmoja. Ikasongamana, mashina yakaoza chini, ikalala yote. Hela ikaenda hivyo hivyo.

Safari hii tumefuata tulivyoonyeshwa na mama mkulima wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Ngoja majani mawili yenye meno yatoke juu ya yale ya kwanza. Mwagilia, kisha jioni chokoa mche kwa kijiti. Shika jani, sio shina. Shina likivunjika, basi. Wa kuzidi usitupe! Upande kwenye kopo lililotobolewa chini, fukia shina hadi karibu na majani, maana hutoa mizizi. Kivulini siku tatu, nne.

Udongo usitoke palipokuwa nyanya, biringanya au viazi ulaya: mnyauko wa bakteria hukaa humo, na unasumbua sana Uganda. Mmea ukinyauka ungali kijani, kata shina, litie ncha kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi kama maziwa unashuka, ndio huo. Ng'oa, uchome.