Wanawake bungeni na uhai wa mama na mtoto

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya wajawazito Tanzania vimeshuka hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa tuzo ya Taasisi ya Gates kwa mafanikio hayo, na ni rahisi kuhitimisha kwamba mwanamke akishika usukani kina mama hupona. Hilo ni hitimisho la haraka mno. Samia aliingia Ikulu Machi 2021, wakati safari hii ilikuwa imeanza zamani: kati ya tafiti hizo mbili, akina mama wanaojifungulia kwenye vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Takwimu zenyewe pia zinapishana, kwani makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Naamini kwa dhati kwamba uongozi wa wanawake unaokoa maisha, ila ushahidi unaelekeza zaidi kwa wanawake wengi walioshikamana kuliko kwa mmoja aliye juu.

Ushahidi wenye nguvu unatoka India. Kupima jambo hili ni kazi ngumu, maana eneo linalomchagua mwanamke huenda tayari lina wasomi wengi na hospitali nzuri, na hapo mbunge atasifiwa kwa yale aliyoyakuta. Sonia Bhalotra na Irma Clots-Figueras, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliukwepa mtego huo kwa kuangalia chaguzi ambazo mwanamke na mwanamume walikabana koo na mshindi akapatikana kwa kura chache. Katika hali hiyo nani ashinde ni kama bahati tu, kwa hiyo tofauti inayofuata inaweza kuhusishwa na mshindi. Walikuta kwamba uwakilishi wa wanawake ulipoongezeka, vifo vya watoto wachanga vilipungua. Njia ilionekana pia: vituo vya afya vilijengwa, wajawazito wakahudhuria kliniki, wakajifungulia kituoni, watoto wakapata chanjo.

Kwa nini watoto wachanga? Kwa sababu uhai wao unategemea mambo yaliyogawanywa kwenye wizara tofauti, na asiyeyaona kwa pamoja atatibu kipande tu. Watafiti walioongozwa na Emmanuela Gakidou walikadiria mwaka 2010 kuwa nusu ya vifo vya watoto vilivyoepukwa duniani kati ya 1970 na 2009 vilitokana na elimu ya wanawake kuongezeka. Msichana anayekatishwa masomo ili aolewe huweza kubeba mimba kabla nyonga hazijakomaa. Anakabiliwa na hatari ya uchungu pingamizi na fistula, na mwanawe ana hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa njiti. Na hapo kwa wachanga ndipo Tanzania imekwama. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000 kati ya tafiti zilezile mbili, lakini vifo vya siku 28 za mwanzo vilitoka 25 hadi 24 tu. Dawa mojawapo ni ngozi ya mama. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa 2021, uliwaweka watoto wenye uzito usiofika kilo 1.8 kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri hali zao zitulie. Vifo vilipungua kwa robo. Kinachohitajika ni kitanda cha mama ndani ya wodi ya wachanga. Kitanda hicho lazima mtu akitengee fedha, na wodi nyingi zilijengwa kwa hesabu ya mtoto peke yake.

Rwanda inaonyesha wingi ukiunganishwa unafanya nini. Wabunge wanawake waliunda jukwaa lao mwaka 1996, lililovuka mipaka ya vyama. Mwaka 2008 wakawa wengi bungeni, wa kwanza duniani, na mwaka huohuo muswada wao dhidi ya ukatili wa kijinsia ukawa sheria. Vifo vya uzazi nchini humo vilishuka kutoka 1,071 mwaka 2000 hadi 203 mwaka 2019/20. Mtu atasema kazi hiyo ilifanywa na bima ya afya ya jamii na wahudumu wa afya wa vijijini, na atakuwa na haki, wabunge hawazalishi. Hoja yangu ni kuwa huduma hudumu pale zinapokuwa na watetezi wenye kura, kila bajeti inapojadiliwa.

Tanzania ina watetezi hao zaidi ya theluthi ya Bunge, na Umoja wa Wabunge Wanawake upo. Hata hivyo Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019 kuwa ruhusa hiyo ni kinyume cha Katiba, na hadi mwaka 2023 Bunge lilikuwa bado halijaibadilisha sheria. Wapo wanaodai kuwa wabunge wa viti maalumu ni wa kupamba ukumbi. Napinga. Ni kweli wanakaa kwa fadhila ya chama na hawasimamii Mfuko wa Jimbo, lakini nguvu waliyo nayo ni kusimama pamoja. Wengine wanaona kuwaachia wanawake suala hili kunawapumzisha wanaume. Ni hofu ya kweli, lakini wanaume ndio wengi bungeni, na kura zao zitahitajika kuibadilisha Sheria ya Ndoa. Mwaka 2021 wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito waliruhusiwa kurudi shuleni kwa uamuzi wa serikali. Uamuzi wa namna hiyo waziri mwingine anaweza kuufuta. Muswada mmoja unaoweka umri wa ndoa miaka 18 na kuipa haki ya kurudi darasani nguvu ya sheria ungekuwa mahali pazuri kwa umoja huo kuanzia.