Mali Bila Daftari: Masalio ya Safari za Anga na Kumbukumbu ya Tunguu

Mwanadamu ana tabia ya kuhifadhi kile kilichomgusa moyo. Aliyehiji hurudi na maji ya Zamzam, baharia hurudi na kombe la bahari ya mbali, na mzee wa nyumba huweka ndani ya kasha barua za ndugu zake waliokwisha tangulia mbele ya haki. Basi si ajabu kwamba tangu tarehe 12 Aprili 1961, siku Yuri Gagarin wa Muungano wa Kisovieti alipoizunguka dunia kwa muda wa dakika 108, wamekuwako watu katika nchi nyingi wanaokusanya masalio ya safari za anga: stempu, bahasha, picha zenye saini, vipande vya vyombo, na vitabu ambavyo wanaanga wenyewe wameandika juu ya maisha yao.

Wapo watakaouliza: Je, jambo hili latuhusu nini sisi watu wa visiwani? Si mchezo wa matajiri wa Marekani na Ulaya? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Jibu letu ni kwamba latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika kukusanya huko mna mafunzo makubwa juu ya namna taifa linavyotunza, au linavyopoteza, ushahidi wa historia yake. Pili, kisiwa cha Unguja kina sehemu yake katika historia hiyo ya anga, na sehemu hiyo inaelekea kusahauliwa.

Kosa la daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana mfano bora wa maneno hayo kuliko kisa cha mfuko mmoja mweupe. Mwaka 1969 Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alitia ndani ya mfuko huo mchanga na mawe ya awali aliyoyachota huko. Baada ya miaka mingi mfuko ukaingia katika makumbusho moja ya jimbo la Kansas, na katika orodha ukachanganywa na mfuko mwingine wa safari ya Apollo 17, yote miwili ikaandikwa kwa namba moja. Kwa ajili ya kosa hilo la karani, Serikali ya Marekani iliuuza mfuko huo mnadani mwaka 2015, na mwanamke mmoja akaununua kwa dola 995. Serikali ilipotambua na kutaka irudishiwe, mahakama iliamua kwamba mnunuzi alinunua kwa nia njema na mali ni yake. Tarehe 20 Julai 2017 mfuko uliuzwa tena huko New York kwa dola milioni 1.8.

Izingatie sana habari hii, ndugu msomaji. Taifa lililoweza kumpeleka mtu mwezini na kumrudisha salama lilishindwa kuiweka sawa orodha ya vitu ghalani. Kitambaa hakikubadilika, kilichobadilika ni ujuzi wa kilitoka wapi, kilishikwa na nani, na kwa kazi gani. Ujuzi huo ndio thamani, na bila ya maandishi kitu ni kitambaa tu.

Mwaka 1973 Rais Nixon wa Marekani aliamuru vipande vya jiwe la mwezi kutoka safari ya Apollo 17 vitolewe zawadi kwa nchi 135, kila kimoja kikiwa ndani ya tufe la plastiki angavu, pamoja na bendera ya nchi inayopewa iliyokwisha kwenda mwezini na kurudi. Zawadi hizo zimepatwa na mengi. Jiwe la Honduras lilikamatwa mwaka 1998 katika jimbo la Florida, mtu akitaka kuliuza kwa dola milioni 5, kisha likarudishwa kwao. Jiwe la Malta liliibwa ndani ya makumbusho mwaka 2004. Na huko Uholanzi, mwaka 2009, wataalamu walipolichunguza jiwe lililokuwa likitunzwa katika makumbusho makuu ya nchi kwa sifa ya jiwe la mwezi, waliona kuwa ni kipande cha mti wa kale uliogeuka jiwe. Wizi, uzembe na imani isiyothibitishwa: maradhi hayo matatu hayachagui nchi kubwa wala ndogo.

Hata dola kubwa ya Kisovieti, ilipokwisha vunjika mwaka 1991, iliona masalio yake yakipigwa nyundo ya mnada. Mwaka 1993 chembe tatu za udongo wa mwezi, zilizoletwa na chombo cha Luna 16 mwaka 1970 bila ya mtu ndani yake, ziliuzwa New York kwa dola 442,500. Shida haina adabu; inapoingia nyumbani huanza kwa kuuza vile ambavyo haviliki.

Bahasha na vitabu

Wakusanyaji wengi hawana fedha za kushindania mifuko ya mwezini. Wao hukusanya bahasha na vitabu, na kwa maoni yetu hao ndio wanaopata faida iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa kitabu husema.

Kabla ya safari ya Apollo 11 wanaanga watatu walitia saini zao juu ya bahasha nyingi, wakaziacha kwa rafiki zigongwe muhuri wa posta siku ya kuondoka na siku ya kutua mwezini. Nia yao ilikuwa kwamba wasiporudi, wake na watoto wauze bahasha hizo wapate cha kujikimu. Huyo ndiye shujaa aliyeonekana na dunia nzima akitabasamu mbele ya kamera. Kumbe usiku alikuwa akihesabu, kama mvuvi yeyote wa Nungwi au Mkoani, watakula nini walioachwa pwani.

Lakini bahasha zilileta fedheha pia. Mwaka 1971 wanaanga watatu wa Apollo 15 walichukua mwezini bahasha karibu 400 zisizokuwa na ruhusa, na 100 katika hizo zikaingia mikononi mwa mfanyabiashara wa stempu wa Ujerumani Magharibi. Fedha waliyoahidiwa ilikuwa iwe akiba ya watoto wao. Jambo lilipofichuka waliikataa, ila mwaka 1972 walikemewa rasmi, na hapana hata mmoja wao aliyeruka tena kwenda anga za juu. Mmoja wao, Al Worden, alilieleza jambo hilo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2011. Mwenye bahasha peke yake ana karatasi; mwenye bahasha na kitabu ana somo juu ya amana ya mtumishi wa umma.

Na vitabu hivyo ni vingi. Michael Collins, aliyebaki akiuzunguka mwezi peke yake wenzake walipokuwa chini, aliandika Carrying the Fire mwaka 1974, kwa kalamu yake mwenyewe bila ya kuandikiwa. Buzz Aldrin, katika Return to Earth cha mwaka 1973, alikiri mbele ya walimwengu kwamba baada ya kurudi alizama katika huzuni kubwa hata akahitaji matibabu ya hospitali. Alexei Leonov wa Urusi, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo akaelea angani mwaka 1965, alishirikiana na David Scott wa Marekani kuandika kitabu kimoja kilichotoka mwaka 2004; watu wawili waliofundishwa kushindana, kila mmoja akisimulia upande wake. Armstrong hakuandika habari za maisha yake, na tangu mwaka 1994 aliacha kabisa kuwatilia watu saini, alipoona kuwa zinauzwa. Wafanyabiashara hawakukoma: kinyozi wake aliuza nywele alizomkata kwa dola 3,000. Alipofariki mwaka 2012, mkewe alikuta kabatini mfuko mweupe, na ndani yake mna kamera iliyopiga filamu ya hatua yake ya kwanza juu ya mwezi. Ilikuwa imekaa humo zaidi ya miaka 40. Siku hizi imo katika amana ya makumbusho ya anga huko Washington.

Tunguu

Sasa tuje nyumbani. Marekani ilipotaka kumrusha mtu kuizunguka dunia, ilihitaji masikio chini ya njia yote ya chombo. Ikajenga vituo 18, viwili kati ya hivyo vikiwa ndani ya meli. Barani Afrika vilikuwa viwili: Kano katika Nigeria, na Unguja. Mkataba wa kituo cha Unguja ulitiwa saini na Serikali za Uingereza na Marekani mwezi wa Oktoba 1960, wakati ambapo wenye kisiwa hawakuwa na kauli juu ya ardhi yao. Kituo kikasimama Tunguu.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa muda wa saa 4 na dakika 55. Alipopita juu yetu alizungumza na Tunguu, na daktari aliyekuwako kituoni akapokea kwa redio khabari za mapigo ya moyo wake. Mwezi wa Mei 1963 Gordon Cooper, aliyeizunguka dunia mara 22, alipofika juu ya Unguja alituma salamu za heri kwa viongozi wa Afrika katika siku zilezile za mikutano ya Addis Ababa iliyozaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Salamu hizo zilitumwa kutoka juu ya kisiwa ambacho chenyewe kilikuwa bado hakijapata uhuru.

Wananchi wengi hawakukipenda kituo kile. Walihofu kuwa ni kituo cha makombora kilichovishwa kanzu ya sayansi, na kwamba siku ya vita kisiwa kitalengwa. Wamarekani walijibu kuwa ni mitambo ya kusikilizia tu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitaka kituo kiondoshwe, na mwezi wa Aprili mwaka huohuo amri hiyo ikatolewa. Mitambo ikafungwa, na kazi ikahamia Madagascar.

Wapo wanaodhani kwamba kukumbuka kituo ni kuwatukuza waliokijenga, na wapo wanaodhani kwamba kukiondosha kulikuwa ni jambo la kuonewa haya. Sisi hatukubaliani na wote wawili. Kuhifadhi si kusifu. Kuingia kwake bila ya idhini ya wananchi ni historia, hofu ya wananchi ni historia, sauti ya Glenn ni historia, na amri ya mwaka 1964 ni historia. Mjukuu wetu ana haki ya kuvikuta vyote pamoja, apime mwenyewe.

Majirani zetu wa Kenya wanalo la kujivunia: setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Kitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ya kwanza duniani kuwekwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ilipewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota vya mataifa yote. Tunguu nayo imo katika vitabu vya Marekani, lakini imo kwa kalamu ya wageni tu.

La kufanya

Mapendekezo yetu kwa wahusika hayadai fedha nyingi. La kwanza ni sauti za wazee. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1962 sasa amepindukia 80. Wale waliofanya kazi Tunguu, waliokipinga kituo barabarani, au waliokiona kikijengwa na kikibomolewa, wafuatwe majumbani na Nyaraka za Taifa, wasemeshwe na maneno yao yarikodiwe kabla hatujaitwa kwenye maziko yao.

La pili ni nakala. Mazungumzo ya wanaanga na vituo vyao yamechapishwa na kuwekwa wazi na Marekani yenyewe. Yaletwe, yafasiriwe kwa Kiswahili fasaha, yawekwe mahali ambapo kijana anaweza kuyasoma.

La tatu ni rafu ya vitabu. Chuo Kikuu cha Taifa kina majengo yake Tunguu hiyohiyo. Hapana mahali panapostahili zaidi kuwa na mkusanyo wa vitabu vya wanaanga, wa Mashariki na wa Magharibi, pamoja na kibao kinachomweleza mwanafunzi kilichokuwa kikifanyika katika kitongoji anachosomea.

La nne latuhusu sisi wananchi majumbani. Mwenye picha, kitambulisho cha kazi, barua, stempu au kipande cha gazeti cha siku zile, asikitupe wala asikimbilie kumwuzia mpita njia. Akiandikie karatasi: kilikuwa cha nani, kilipatikana wapi, mwaka gani. Akiweke mbali na mchwa na unyevu wa bahari, na akiruhusu kipigwe picha kwa ajili ya Nyaraka. Kitu kibaki chake. Khabari yake iwe ya wote.

Tuliona tarehe 25 Desemba 2020 jinsi sehemu ya Beit al Ajaib ilivyoanguka mchana kweupe, na roho za watu zikapotea. Jengo lile lilikuwa kubwa, kila mtu alilijua, na bado lilituponyoka. Karatasi iliyo ndani ya kasha la bibi haina mlio inapoanguka. Basi wenye mamlaka na waanze sasa, na wenye makasha na wayafungue.