Injini ya Boti Iliyopakwa Rangi Upya

Injini ya boti iliyotumika huja Mbamba Bay na historia yake, na mara nyingi historia hiyo ina chumvi. Iliyofanya kazi Bahari ya Hindi bila kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi huliwa ndani kwa ndani, kwenye njia za maji ya kupoozea, mahali jicho halifiki. Ikisuguliwa, ikapakwa rangi na kubandikwa stika, huteremka barabara ya lami kutoka Mbinga iking'aa. Dukani inawashwa dakika mbili, inanguruma vizuri. Siku ya tatu inazimika katikati ya Ziwa Nyasa, nyavu zikiwa majini na upepo umeshaamka.

Mvuvi akirudi dukani huambiwa mtumba hauna garantii, naye huondoka kimya. Asiondoke. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda hata aliyenunua kitu kilichotumika. Hawezi kudai ubora wa kitu kipya, lakini akinunua kwa mfanyabiashara wa injini, akamweleza kuwa anataka ya kuvulia dagaa usiku kucha na kumtegemea katika uchaguzi, injini lazima iifae kazi hiyo. Mkulima wa Mbinga anayenunua pikipiki au mashine ya kumenyea kahawa yumo katika sheria hiyohiyo.

Ukinunua kwa mvuvi mwenzako asiyefanya biashara hiyo, kinga hupungua sana. Yeye anabanwa zaidi na mambo mawili: injini iwe yake kweli, na ilingane na maelezo aliyoiuzia. Kwa hiyo maelezo yaandikwe.

Hapa kwenye ukaguzi ndipo wengi wanapoumia. Ukishakagua, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua huwezi kuilalamikia baadaye. Basi usikague nusunusu. Nenda na fundi, mlegeze skrubu ya oili ya gia: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshapenya. Iwashwe ndani ya pipa la maji kwa nusu saa, si dakika mbili. Ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni ukiwa dhaifu, pampu imechoka au njia zimeziba. Tazama ungaunga mweupe kwenye boliti, na namba ya injini kama imekwanguliwa. Mimi injini yenye namba iliyokwanguliwa nisingeigusa kwa bei yoyote.

Kasoro ikijitokeza baadaye, acha kuitumia na mjulishe muuzaji mara moja kwa maandishi. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6, lakini haki ya kuirudisha injini na kudai fedha zako haingoji kiasi hicho. Ukiendelea kuvulia kwa miezi, au ukaifumua na kubadilisha vipuri, utahesabiwa umeipokea, na kitakachobaki ni kudai fidia tu. Aliyekuambia ni mpya ilhali amepaka rangi tu amekiuka pia Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mteja. Malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Ushindani.

Ndugu mvuvi, kabla hujahesabu fedha, dai risiti yenye namba ya injini, tarehe, na maneno yaleyale aliyokuambia muuzaji. Akikataa kuyaandika, usinunue.