Mlima wa Muhumba haukupasui pafu

Bukavu ina mazoea na madaktari wa China: kwa miaka mingi kikosi chao cha matibabu kilikuwa hapa mjini pamoja na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo ukitaja akupancha, tiba yao ya sindano, hapa mtaani Muhumba, kila mtu ana lake la kusema.

“Sindano ni nyembamba kama unywele, haifiki kwenye pafu.”
Si kweli. Wembamba hupunguza maumivu, haufupishi sindano. Nyingi zina urefu wa milimita 25 hadi 40. Kati ya mfupa wa bega na uti wa mgongo, pafu linaweza kuwa milimita 10 hadi 20 tu chini ya ngozi. Piga hesabu mwenyewe.

“Fundi akifuata kipimo cha kitabu, hakuna hatari.”
Nusu kweli. Wachina hupima kwa upana wa dole gumba la mgonjwa mwenyewe, na hapo nawavulia kofia. Lakini dole gumba halisemi mgongo una nyama kiasi gani. Ndiyo maana kifuani na mgongoni sindano hulazwa, haisimamishwi wima.

“Katikati ya kidari kuna mfupa, hapo ni salama.”
Si kwa wote. Wako waliozaliwa na tundu katika mfupa huo, nao hawajui. Mwaka 1995 madaktari wa Norway walieleza kifo cha mwanamke ambaye sindano ilipita humo ikafika moyoni.

“Basi ni tiba ya kuua.”
Si kweli. Ujerumani, katika matibabu takriban milioni 2.2 yaliyofanywa na madaktari waliosomea kazi hiyo, mapafu yaliyotobolewa yalikuwa mawili.

“Pafu likitobolewa utajua palepale.”
Huu ndio uongo ninaouogopa. Hewa huvuja polepole kati ya pafu na mbavu, pafu likisinyaa. Unaweza kutoka kitandani mzima, kisha saa kadhaa baadaye, hata kesho yake, ukasikia kichomi ukivuta pumzi, ukakohoa kikavu. Na hapa kwetu kisingizio kipo tayari: Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na kutoka ufukweni ni kupanda tu. Nani hatweti? Ila mlima ukikuchosha, ukikaa unapoa. Usipopoa, nenda ukapigwe radio (eksirei) ya kifua siku hiyohiyo, na umwambie daktari kwamba ulichomwa sindano mgongoni. Alama yake ngozini huenda imeshapotea.