Ukimkwepa kicheche, usimlaze mtoto na kuku
Singida husifika kwa kuku wa kienyeji, na kicheche naye analijua hilo. Mchana mwewe hunyakua vifaranga uani. Usiku kicheche hupenya kwenye tundu dogo tu, asubuhi mama anakuta mizoga imetapakaa. Ndiyo maana familia nyingi za vijijini huwaingiza kuku ndani jioni, wengine hadi chumbani.

Anayeumia hapo ni mtoto anayetambaa. Anashika kinyesi cha kuku sakafuni, kisha anatia mkono mdomoni. Vimelea kama salmonela huleta kuharisha, na kuharisha kila mara huchangia udumavu.

Banda la kichanja, lenye wavu wa matundu madogo na komeo, huwalinda wote. Anayelalamikia gharama auze jogoo mmoja kabla kicheche hajamchukua bure.